Sakafu ya Ijumaa

Mwenyekiti wa bodi ya shule alinipigia simu Jumatatu asubuhi, nikiwa ofisini kwangu Eldoret. Nilikuwa nikimalizia historia ya marehemu mmoja, na watoto wake wamekaa mbele yangu wakigombana kuhusu nani atajwe kwanza. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nina chumba kimoja ghorofani, kompyuta moja na printa yenye kelele, na ninaandika maisha ya watu: vijitabu vya mazishi, vya harusi, vya sherehe za kanisa. Watu wanatoka mtaa wa Huruma, wengine wanatoka mbali kule Turbo, wananiletea karatasi mbili zilizokunjwa na kuniambia, "Madam, tunataka itoke vizuri." Nami ninaitoa vizuri.

"Tunabomoa lile darasa la udongo," mwenyekiti akasema. "Majengo ya mawe yako tayari. Sasa wewe ndiye mwandishi wetu. Tuandikie historia ya shule, kurasa tatu nne, tuisome Jumamosi kabla ya kubomoa."

Ni mama wa rika langu, tulisoma naye, na akianza kucheka hana breki. Akaniambia wanawake wa enzi zetu wameamua kuipaka ile sakafu mara ya mwisho, kila mtu na mavi yake ya ng'ombe, kama zamani. "Na usije mkono mtupu, aki! Sheria unaijua."

Nilicheka naye. Nilipokata simu wale watoto wa marehemu wakaniuliza kama nimepata habari mbaya, nikasema hapana. Uongo mtupu. Hilo neno, "wewe ndiye mwandishi wetu", limenifuata tangu darasa la nane, na kila nikiambiwa huwa najiona kama mtu aliyeenda kanisani na gauni la kuazima, na mwenye gauni ameketi benchi la nyuma. Wacha niseme leo, maana nimechoka kulikalia.

Shule yetu iko ndani kidogo ukitoka barabara kuu pale Cheptiret. Ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na mvua ikinyesha ni saa nzima, viatu umeshika mkononi. Ilianza na darasa moja. Wazazi walichoka kuona watoto wadogo wakivuka barabara ya malori kwenda shule ya mbali, wakakaa kwenye nyasi Jumapili moja baada ya ibada, wakagawana kazi hapo hapo. Baba yangu alitoa miti ya miwati ya nguzo, na tangu siku hiyo mpaka tulipomzika hakukaa kikao bila kuwakumbusha watu kwamba shule imesimama kwa miti yake. Wengine walileta fito, wengine misumari. Wanawake walichota maji mtoni, wakayamwaga kwenye udongo, wakaukanyaga wakiimba mpaka ukalainika, wakakandika kuta. Mabati yalikuja moja moja. Mengine yalikuwa mapya, mengine yametolewa kwenye vibanda vya ndama, na mvua ikinyesha tulijua ni nyumba gani iliyoleta bati lenye matundu. Mlango haukuwepo. Kulikuwa na nafasi ya mlango tu.

Chini palikuwa udongo, na udongo ukiuacha hivyo hivyo ni vumbi, na vumbi ni funza. Kwa hivyo kila Ijumaa mchana ilikuwa siku ya sakafu. Wavulana walifyeka uwanja na kuchota maji. Sisi wasichana tulileta mavi ya ng'ombe, mabichi, ya asubuhi hiyo hiyo, ndani ya mkebe au ndoo kuukuu. Unachanganya na majivu na maji kidogo, unapiga magoti, unapaka kwa kiganja, nusu duara juu ya nusu duara, ukirudi nyuma mpaka mlangoni. Kila msichana alikuwa na kipande chake, kuanzia chini ya deski lake. Jumatatu ukija unakuta sakafu imekauka na mistari ya vidole inaonekana. Ningeweza kukuambia huu ni mkono wa nani na huu ni wa nani bila kumwona mtu.

Sheria ilikuwa moja: usipoleta mavi, Jumatatu huingii. Unasikiliza somo dirishani, umesimama nje. Hakuna mzazi aliyeiona kuwa sheria kali, kwa sababu ni nani hana ng'ombe? Kwetu hata maskini aliitwa maskini kwa kuwa na ng'ombe mmoja.

Alikuwepo mtu mmoja asiye na hata mmoja, na huyo ndiye alikuwa mwenzangu wa deski.

Aliishi na nyanya yake, shosho alivyomwita, kwenye chumba cha kukodi nyuma ya mashine ya kusaga unga, kando ya barabara kuu. Walikuwa wametoka Central, mkoa mwingine kabisa, na shosho aliuza kabichi na vitunguu kwenye kibanda. Shamba hawakuwa nalo hata la kufungia mbuzi. Huyo msichana alikuwa mwembamba, mwenye kucheka haraka, na alikuwa akiandika kila mahali. Aliandika kwa kidole kwenye vumbi, kwa kijiti kwenye ukuta, na nyuma ya karatasi za kufungia sukari. Tulipoingia darasa la sita ndipo sheria ya sakafu ikatufikia, na Jumatatu ya kwanza yeye alisimama dirishani. Nilimwona ameweka daftari kwenye ukingo wa udongo wa dirisha, akiandika kana kwamba hakuna kitu.

Ijumaa iliyofuata alikuja kwetu asubuhi na mapema, ameshika mkebe. Alisimama langoni kwa adabu, akasema, "Naomba unigawie kidogo."

Bomani kwetu mavi yalikuwa ya kutupa kwa sepetu. Mama alikuwa anakamua, akasikia, akasema bila kugeuka, "Mpe mwenzako. Mavi nayo ni ya kunyimana?" Nikamjazia mkebe. Tulipofika njiani, Mama hatuoni tena, nikasimama na nikamwambia bei.

Mimi nilichukia insha. Mwalimu alitupa moja kila wiki, na mimi nilikuwa naandika mistari minne halafu nahesabu matundu kwenye mabati. Kwa hivyo nikamwambia, kila Ijumaa nitakupa mavi, na wewe utaniandikia insha. Akacheka. Alidhani ni utani.

"Insha tu?" akaniuliza.

"Insha tu. Lakini ile nzuri iwe yangu."

Ile nzuri iwe yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, na usiniambie nilikuwa mtoto, kwa sababu nilijua kabisa ninachofanya. Nilijua hata kumngoja Mama asisikie. Nimeandika maneno mengi maishani, na ningeambiwa nifute manne tu, ningefuta hayo.

Akakubali. Kila Alhamisi jioni, kwenye kibanda cha shosho yake, alikuwa anaandika yangu kwanza akiwa bado na nguvu, mimi nainakili kwa mwandiko wangu, halafu anaandika yake kwa kile kilichobaki kichwani. Mwalimu wetu alikuwa mzee mkali aliyependa lugha. Alisoma zangu mbele ya darasa, na kwenye daftari la mwenzangu alikuwa anaandika "jitahidi". Siku moja alimsimamisha akamwambia, "Wewe unakaa naye deski moja. Kwa nini humwigi mwenzako?" Darasa likacheka. Yeye akasema, "Ndiyo, Mwalimu." Na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, viwiko vyetu vinagusana, macho makavu.

Hivyo ndivyo tulivyoenda miaka miwili na kitu, mpaka siku ya wazazi tukiwa darasa la nane. Insha ilikuwa "Shule Yetu". Mwalimu akanichagua nisome mbele ya wazazi wote, na kulikuwa na mgeni kutoka kanisani, aliyekuja na nafasi moja ya msichana mmoja wa kusomeshwa shule ya bweni. Nilisimama kwenye meza. Insha ilianza na mlango ambao haukuwepo, jinsi kila mgeni akija husimama pale kwenye nafasi na kubisha kwenye hewa. Watu wakacheka. Kisha ikafika kwenye sakafu. Sehemu hiyo naijua kwa moyo hata leo: "Sakafu yetu ina mikono ya wasichana wote waliowahi kusoma hapa, mmoja juu ya mwingine. Ukichimba utatukuta." Mama yangu alifuta macho kwa kona ya leso. Baba yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akinisifu, alisimama akasema, "Huyu ni damu yangu."

Mgeni akasema mtoto wa namna hii asiachwe apotee. Nafasi ikawa yangu.

Baba alikuwa na ng'ombe. Angenisomesha bila kanisa lolote. Nafasi ile ilikuwa ya mtu kama yule aliyekuwa amekaa mstari wa nne, ameinamisha kichwa, anachora kitu kwenye sakafu kwa kidole. Nilimwona. Nilikuwa na neno moja la kusema na midomo ilikuwa yangu. Nilishuka mezani, watu wakanishika mkono, na nikaenda kula pilau.

Ijumaa iliyofuata hakuja langoni kwetu. Nilidhani atasimama dirishani, na nikasema moyoni, shauri yake. Lakini alikuja na ndoo yake. Alikuwa ameamka akafuata njia ya kwenda kwenye josho, mahali ng'ombe wa watu hupita kwenda kuogeshwa, akaokota mavi makavu ya barabarani na kuyaloweka. Yalikuwa yamejaa changarawe. Kipande chake cha sakafu kilipasuka nyufa, na vidole vyake vikachubuka. Alipaka, akanawa, akaenda nyumbani kwao. Akafanya hivyo kila Ijumaa mpaka tukamaliza.

Mimi nikaenda bweni. Na kwa sababu huko walishaambiwa kwamba anakuja msichana anayeandika, ilinibidi nijifunze kuandika kwa hofu, usiku na mchana, nisije nikaumbuka. Nikajifunza. Sasa ninajua, nakula kwa hiyo kazi. Yeye baada ya darasa la nane alienda kufua nguo za watu Huruma, akakaa huko miaka mingi, akazaa. Shosho alipozeeka alirudi kumtunza, na shule ikamwandika mpishi. Hayo yote niliyasikia kwa watu. Miaka minne nilijua yuko pale jikoni, na miaka minne nikija kwa mazishi au harusi huko kwetu nilizunguka na njia ya juu ili nisipite shuleni. Mwanamke mzima, natembea kwenye matope na viatu vya ofisi kumkwepa mtu asiyenidai neno.

Jumatano nilienda kutafuta historia. Nilikuwa nimepiga moyo konde: nitamwona, nitamwomba msamaha, yaishe. Mwalimu mkuu, kijana wa juzi, aliniambia yeye hajui chochote cha zamani. "Muulize Mama Jikoni," akasema. "Huyo ndiye anajua yote."

Nilimkuta anakoroga githeri, mahindi na maharagwe, kwenye sufuria kubwa, moshi umejaa. Amenenepa kidogo, bado anacheka haraka. Mkono wake ulikuwa na maji, akanipa kifundo cha mkono nikishike. "Karibu, Madam," akasema.

Madam. Tulikaa deski moja miaka mitatu. Nilimeza mate, na ule msamaha niliotoka nao Eldoret ukashuka nayo. Nikatoa daftari nikasema nimekuja kwa ajili ya historia.

Basi akanisimulia huku anakoroga. Alijua nyimbo walizoimba wale kina mama wakikanyaga udongo, kwa sababu baadaye alikuwa amewauliza mmoja mmoja. Alijua kwamba mwalimu wa kwanza alikuja kwa baiskeli, ubao mweusi umefungwa kwenye keria, na upepo ulikuwa unamsukuma na ubao wake mpaka akawa anashuka kwenye kila mlima na kila mteremko. Alijua bati lipi lilitoka kwa nani. "Nguzo za mzee wako bado zimesimama," akaniambia. "Mchwa wamekula ile ya pembeni tu. Mti wake ulikuwa mzuri." Hakuwa ananichokoza. Alikuwa anasema ukweli kuhusu mti. Na mimi kalamu yangu ilikuwa inakimbia, naandika kila neno alivyolitoa, nimejaza ukurasa wa tatu, kabla sijatambua ninachofanya.

Hapo ndipo binti yake akaingia. Yuko gredi ya sita, ana sweta iliyoshonwa viwiko, na macho yale yale. "Mama, ni huyu ndiye mwandishi?" Akanikimbilia na daftari. "Auntie, tumepewa insha, 'Shule Yetu'. Nisaidie tu mwanzo, tafadhali."

Mama yake, bila kugeuka kutoka kwenye sufuria, akasema, "Anza na mlango ambao haukuwepo."

"Aki Mama, wewe! Unajua nini mambo ya insha? Wewe pika!" Alisema kwa upendo, kama watoto wanavyosema. Mama yake naye akacheka, akaongeza chumvi.

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema neno moja tu. Badala yake nilichukua kalamu ya yule mtoto, na Mungu anisamehe, nikamwambia, "Unaweza kuanza na mlango. Kwamba haukuwepo, na mgeni akija alikuwa anabisha kwenye hewa."

"Waah! Auntie, hiyo ni kali!" Akaandika mbio mbio.

Mwiko ulisimama kwenye sufuria kidogo, kisha ukaendelea. Sikuthubutu kuinua macho. Niliaga nikasema nitachelewa gari.

Nilichapa ile historia usiku huo huo. Nilijaribu kuiandika kwa maneno yangu, na kila nilipobadilisha sentensi ilikufa. Nikairudisha alivyoisema. Kabla binti yake hajaingia alikuwa ameniambia kitu kuhusu ile sakafu, kwamba tingatinga ikija itafukua mikono yetu sote, na hicho nacho nikakiweka. Chini kabisa vidole vyangu vikaandika "Imeandikwa na", na jina langu, kama vinavyofanya kila siku. Nikachapisha nakala mia moja. Nilijua. Usidhani sikujua.

Jumamosi nilifika na boda boda, sanduku la vijitabu mapajani. Mavi sikuwa nayo. Shamba la Baba limekatwa ploti, kakangu ameuza ng'ombe wa mwisho, na Eldoret kwenye nyumba ya kupanga utapata wapi ng'ombe? Uwanjani kulikuwa na wanawake kama ishirini hivi, leso kiunoni, ndoo zimepangwa, wanataniana. Niliwagawia watoto vijitabu wavishike mpaka wakati wa kusoma, halafu nikasogea mlangoni, pale kwenye nafasi ya mlango.

Mwenyekiti akanizuia na mkono wenye majivu. "Ndoo yako iko wapi?"

"Sina."

"Ati huna! Binti ya mzee wa ng'ombe arobaini!" Akageukia wenzake. "Jamani, tumwingize?"

"Nje!" wakajibu kwa kicheko. "Sheria ni sheria! Dirishani!"

Nilijikaza kisabuni nikacheka nao, nikaenda dirishani. Sikuwahi kusimama upande ule. Ukingo wa dirisha ulikuwa na shimo dogo laini, mahali kiwiko cha mtu kilikuwa kimekaa na kukaa. Niliweka kiwiko changu pale, na kile kicheko kikaniisha.

Akaja na ndoo mbili, moja kila mkono. Ana ng'ombe wawili wa gredi siku hizi, wale wa kisasa wa maziwa, wa kufungiwa zizini, kwenye kiploti alichonunua nyuma ya shule. Alipofika karibu nami nilifungua mdomo nikitaka kumsalimu. Kilichotoka ni kingine.

"Naomba unigawie kidogo."

Akaweka ndoo chini. Wale wanawake walikuwa wanatuangalia kutoka ndani. "Usimpe bure!" mwenyekiti akapiga kelele. "Hao ni watu wa taoni, muuzie!"

Wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliniangalia, na siku hiyo hakuniita Madam.

"Utanipa nini?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nilitamani ardhi inimeze. "Sema wewe."

"Insha sitaki."

Kumbe. Miaka yote hiyo nilikuwa najidanganya kwamba labda amesahau, labda kwake ilikuwa mchezo wa watoto. Machozi yakanitoka hapo hapo, na nikaanza kusema nisamehe, nilikosa, nitawaambia wote, nitasimama sasa hivi mbele ya watu nitangaze.

"Nyamaza kwanza," akasema. "Hawa ni watu wazima. Watasema pole, watakula, wataenda kwao. Mimi watanisaidia na nini?" Akaonyesha kwa kidevu. Binti yake alikuwa amekaa kwenye jiwe karibu na jikoni, anasoma kijitabu changu. "Huyo anafikiri mimi nilizaliwa na mwiko mkononi. Nimemwambia mara ngapi, lete insha tuone, ananicheka. Juzi umemwambia maneno yangu, akakuambia ni kali. Nilikuwa nimesimama hapo."

"Najua."

"Basi mwambie yeye. Hiyo ndiyo bei."

Akanimwagia ndoo moja nzima kwenye karai. Tukaingia. Tukapiga magoti mahali deski letu lilikuwa, tukapaka. Mkono wangu ulikuwa umesahau, napaka vipande vipande kama mtu anayepanguza meza. Wake ulikwenda nusu duara juu ya nusu duara bila kusita. Aliona nilivyoharibu kipande changu, akapitisha kiganja chake juu yake, kikawa sawa. Tulirudi nyuma mpaka mlangoni.

Nikatoka bila kunawa. Nilijua nikienda kunawa nitapata sababu ya kuchelewa, najijua.

Mtoto aliinua uso. "Auntie, hii umeandika vizuri! Hapa pa mikono ya wasichana nimesoma mara mbili."

"Siyo mimi," nikasema. "Ni mama yako."

Akatabasamu, akidhani namtania.

"Ni maneno ya mama yako yote, kuanzia juu mpaka chini. Hata ule mlango. Nilipokuwa kama wewe, hapa hapa, yeye ndiye alikuwa ananiandikia insha. Zote. Alikuwa ananipa ile nzuri, yeye anabaki na ile nyingine. Nilisoma yake mbele ya wazazi, wakanipeleka shule ya bweni. Wangejua, angeenda yeye."

Tabasamu likamtoka polepole. Aliangalia jina langu chini ya ukurasa wa mwisho, kisha akaniangalia mimi, na sikuwa na mahali pa kuweka uso.

"Na wewe," akauliza, "ulikuwa unampa nini?"

Ningeweza kusema tulikuwa marafiki. Ningeweza kusema tulikuwa watoto. Maneno ndiyo kazi yangu, na yalikuja mengi, yamepangika vizuri.

"Mavi ya ng'ombe," nikamwambia.

Hakucheka. Aliangalia mikono yangu, yale mavi yameanza kukauka na kupasuka kwenye vidole. Akanirudishia kijitabu, akainuka, akaenda kumtafuta mama yake.